Nyavu Mbili za Camillo Golgi

Mwezi Aprili 1898, katika mji wa Pavia kaskazini mwa Italia, daktari Camillo Golgi aliwaeleza wenzake wa chama cha madaktari na wapasuaji kwamba ameona kitu kipya ndani ya seli za neva za bundi. Kiini cha seli kilijulikana tangu Robert Brown alipokieleza mwaka 1831, na mafundi wa hadubini walikwisha kuona chembechembe nyingi zilizotapakaa kukizunguka. Alichokichora Golgi kilikuwa tofauti: nyuzi nyeusi zilizofumana zikafanya wavu mdogo, uliokizingira kiini bila kukigusa wala kuufikia ukingo wa seli. Aliuita wavu wa ndani. Leo mwanafunzi wa sekondari anayechora seli asipoweka kifaa cha Golgi hukatwa alama. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 50 baada ya tangazo lile, wapo wataalamu wazito walioshikilia kwamba kitu hicho hakipo kabisa, kwamba kimezaliwa na kemikali zilezile zilizotumiwa kukitafuta. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu mmoja aliyeuona ukweli mapema na wabishi waliokataa kufumbua macho. Naona kimesimuliwa vibaya. Walioshuku walikuwa na haki ya kushuku, na ushahidi mkubwa wa haki yao ni Golgi mwenyewe, maana mkono uleule, kwa madini yaleyale ya fedha, ulikwisha kuchora wavu mwingine ambao haukuwepo.

Ili ugomvi huo ueleweke ni lazima kuanzia kwenye kazi ya kutia rangi. Kipande cha ubongo au cha ini kikikatwa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, chini ya hadubini karibu hakionyeshi kitu. Seli ni maji, protini na mafuta, na vyote hivyo hupitisha mwanga kwa kiasi kinachokaribiana. Mafundi wa karne ya 19 walijifunza kwanza kuigandisha tishu kwa kemikali isioze, kisha kuikata, kisha kuitia rangi, nyingi zikiwa zile zilizotengenezwa na viwanda kwa ajili ya nguo. Rangi moja ilishika kiini, nyingine ikashika kilichokizunguka, na fundi alijua kwamba inashika bila kujua kwa nini. Joto la chumba, umri wa kemikali, muda wa kuloweka, vyote vilibadilisha matokeo, na kila maabara ilikuwa na siri zake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu mambo ya ndani ya seli yalipatikana kwanza mikononi mwa watu wa kazi hii, nao hawapewi sifa wanayostahili katika vitabu vya shule, vinavyoionyesha seli kana kwamba ilijichora yenyewe.

Golgi alikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa zama zake. Mwaka 1872 alichukua kazi ya daktari mkuu katika nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona huko Abbiategrasso, mji mdogo karibu na Milano, na jiko la makazi yake akaligeuza kuwa maabara. Mwaka uliofuata alitangaza njia iliyokuja kuitwa mmenyuko mweusi. Kipande cha ubongo hulowekwa katika daikromati ya potasiamu mpaka kiwe kigumu, kisha huhamishiwa katika nitrati ya fedha. Kemikali hizo zikikutana ndani ya tishu hutengeneza chumvi isiyoyeyuka, ambayo chini ya hadubini huonekana nyeusi, nayo huzijaza seli chache tu na kuziacha nyingine zote bila doa. Uchache huo ndio uliokuwa hazina. Seli za ubongo zimesongamana na kusokotana kiasi kwamba kama zote zingeshika rangi, kioo kingekuwa giza tupu. Kwa kuwa inashika moja hapa na moja pale, seli nzima ilionekana kwa mara ya kwanza, toka mwili wake hadi vitawi vyake vya mwisho. Kwa nini mmenyuko huu unaichagua seli hii na kuiacha jirani yake, mpaka leo halijaelezwa kikamilifu.

Kwa njia hiyo Golgi alitazama jinsi nyuzi za seli za neva zinavyogawanyika na kupishana, akahitimisha kwamba mwishowe zinaungana na kuwa wavu mmoja usiokatika, unaoenea katika mfumo mzima wa neva. Huo ndio wavu wake wa kwanza. Mwaka 1887 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alionyeshwa vioo vilivyotiwa rangi kwa njia hiyohiyo, akaishika kazi kwa shauku kubwa, akailoweka tishu mara mbili badala ya mara moja, na akachagua ubongo wa ndege na wa viumbe vichanga ambamo nyuzi bado hazijafunikwa na mafuta mengi. Kuanzia 1888 alitangaza kinyume: kila seli ya neva ina mwisho wake, na nyuzi hukaribiana bila kuungana. Mwaka 1906 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel, na Golgi akaitumia hotuba yake ya Stockholm kuishambulia nadharia ya mwenzake. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini mtu aliyekuwa ameketi katika ukumbi ule angejuaje? Mbele yake walikuwa mafundi wawili hodari, wenye dawa moja, wakiapa kwamba wameona kwa macho yao mambo yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kuna jambo la tatu aliloliona Golgi, nalo linasaidia kuyapima hayo mawili. Vimelea vya malaria vilikwisha kuonekana katika damu na Mfaransa Alphonse Laveran, nchini Algeria, mwaka 1880. Katika miaka ya 1885 na 1886 Golgi aliifuatilia damu ya wagonjwa wa homa zinazorudi kwa zamu, akaonyesha kwamba vimelea hukua pamoja, hugawanyika karibu kwa wakati mmoja, na kwamba mgonjwa huanza kutetemeka pale vinapozipasua chembe nyekundu za damu na kutoka. Ugunduzi huo ulisimama imara, na si kwa sababu macho yake yalikuwa makali zaidi katika damu kuliko katika ubongo. Ulisimama kwa sababu ulikuwa na shahidi wa pili asiyejua lolote kuhusu hadubini, yaani kipimajoto. Saa za vimelea kwenye kioo zililingana na saa za homa mwilini, na daktari yeyote mwenye wagonjwa aliweza kuhakikisha. Kazi ya kutia rangi imelijua jambo hilo katika pwani yetu pia. Gustav Giemsa, Mjerumani mwanakemia aliyefanya kazi ya ufamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1895 na 1898, alitangaza mwaka 1904 rangi ambayo hadi leo hutumiwa kupima malaria kuanzia Kigoma hadi Mombasa, na ambayo huonyesha kiini cha kimelea kwa wekundu na mwili wake kwa bluu. Hakuna anayesema kimelea hicho ni uzushi wa rangi, kwa sababu mgonjwa akitibiwa kinatoweka na homa inatoweka nacho.

Wavu wa ndani wa mwaka 1898 haukuwa na kipimajoto chake. Mwaka mmoja tu baada ya tangazo la Pavia, watafiti wawili walitoa sababu nzito ya kuutilia shaka, ingawa hawakuwa wakimlenga Golgi peke yake. Alfred Fischer huko Ujerumani na William Bate Hardy huko Cambridge walichukua miyeyusho ya protini isiyo na uhai wowote, isiyo na seli hata moja, wakaitendea kwa kemikali zilezile za kugandishia tishu. Ndani ya miyeyusho hiyo zilijitokeza chembe, nyuzi na nyavu zilizofanana mno na zile zilizokuwa zikichorwa na kutangazwa kuwa sehemu za seli. Sidhani kuna jaribio lililokuwa na manufaa zaidi kwa taaluma hii. Halikuthibitisha kwamba miundo ya ndani ya seli ni ya uongo. Lilithibitisha kwamba picha nzuri yenyewe haitoshi, na kwamba anayetangaza kitu kipya ana deni la kuonyesha kingekuwepo hata kama asingekigusa kwa dawa.

Baadhi waliweza kulilipa deni hilo mapema. Mitokondria ni mfano mzuri. Richard Altmann alizieleza chembe hizo mwaka 1890 na kudai kwamba ni viumbe vidogo vinavyoishi ndani ya seli, dai ambalo wengi walilibeza. Carl Benda akazipa jina zinaloitwa sasa mwaka uleule wa 1898. Mwaka 1900 Leonor Michaelis aligundua kwamba rangi ya kijani iitwayo Janus huzishika mitokondria zikiwa ndani ya seli iliyo hai, isiyogandishwa. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba hazipo, hata kama kazi yake, ya kuchoma chakula kwa oksijeni na kuipatia seli nguvu, ilikuja kuthibitishwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Kifaa cha Golgi kilikosa rangi ya namna hiyo. Katika seli hai kilionekana kwa shida au hakikuonekana kabisa, na kwenye tishu iliyogandishwa kilibadilika umbo kulingana na mnyama, seli na dawa: hapa wavu, pale mwezi mchanga, kwingine vipande vilivyosambaa. Huko Oxford, John Baker aliandika kwa miaka mingi kwamba mafundi wanachanganya matone ya mafuta na kitu ambacho hakipo. Na mwaka 1949, mjini New York, George Palade na Albert Claude walitoa makala zilizoonyesha kwamba mafuta ya seli, yakikutana na kemikali za maandalizi, hujikunja na kuunda maumbo yaliyofanana na wavu wa Golgi. Hitimisho lao lilikuwa kwamba wavu huo hutengenezwa na maandalizi yenyewe.

Palade na Claude hawakuwa wazembe wala wahafidhina. Claude alikuwa mmoja wa watu watatu waliotoa mwaka 1945 picha ya kwanza ya seli nzima iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni. Palade alikuwa karibu kuwa bingwa wa chombo hicho. Walijua kuliko wengine jinsi seli inavyoweza kuharibiwa na anayeichunguza, na walichofanya ni kurudia, kwa uangalifu mkubwa zaidi, swali la Fischer na Hardy. Kwamba jibu lao lilikosea halilifanyi swali kuwa baya.

Jibu lililo sahihi lilianza kuja mwaka 1954. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana zaidi ya sehemu moja ya elfu tano ya milimita, na tando za ndani ya seli ni nyembamba kuliko hapo mara nyingi. Kwa hadubini ya elektroni, Albert Dalton na Marie Felix nchini Marekani, pamoja na Fritiof Sjöstrand na Viktor Hanzon nchini Sweden, walionyesha mahali pa wavu ule rundo la vifuko bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kwa kawaida vinne hadi vinane, na vivimbe vidogo vikiwa pembeni mwake. Katika miaka hiyohiyo chombo hichohicho kilipiga picha mahali pa kukutania seli za neva, na kati yao kukaonekana nafasi: hakuna muungano. Golgi alifariki mwaka 1926 na Cajal mwaka 1934, hivyo hakuna hata mmoja wao aliyeshuhudia wavu mmoja ukihukumiwa kuwa wa kweli na mwingine ukifutwa, karibu kwa wakati mmoja.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kama mashine bora ndiyo iliyomaliza ubishi, basi hayo mabishano ya nusu karne yalikuwa na faida gani? Si wangengoja tu mashine? Pingamizi hilo lina nguvu, lakini historia ya mashine yenyewe inalipunguza. Katika miaka ya 1950 na 1960 hadubini ya elektroni ilionyesha ndani ya bakteria mikunjo ya utando iliyoitwa mesosomu. Ilikuwa na sura safi, ilijirudia katika maabara nyingi, ilipewa kazi katika kupumua na kugawanyika kwa seli, na ikaingia katika vitabu vya kufundishia. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti walipoanza kuzigandisha bakteria kwa baridi kali ya ghafla badala ya kemikali, mikunjo ile haikuonekana. Ilikuwa inatengenezwa na dawa, sawasawa na walivyoonya Fischer na Hardy mwaka 1899. Mashine iliyomwokoa Golgi ndiyo iliyoileta mesosomu. Kilichokitenga kifaa cha Golgi na mesosomu ni tabia ya kuuliza tena kwa njia nyingine, na tabia hiyo ilikuzwa na watu waliouzoea ubishi.

Njia nyingine iliyokuwa na thamani kubwa haikutumia macho kabisa. Claude, akiwa anatafuta chanzo cha uvimbe wa saratani ya kuku, aliisaga tishu na kuizungusha kwa kasi katika mashine, vipande vizito vikatua kwanza na vyepesi baadaye, akapata seli iliyogawanywa katika mafungu. Kila fungu liliweza kupimwa kemikali zake. Christian de Duve, katika chuo kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, alikuwa akitumia njia hiyo mwaka 1949 kuchunguza ini la panya kwa ajili ya utafiti wa insulini, pale kimeng'enya kimoja alichokipima kama cha kulinganishia kilipotoa matokeo ya ajabu. Katika mchanganyiko mpya kilifanya kazi kidogo sana. Baada ya kukaa siku chache kwenye jokofu kikawa na nguvu nyingi. Badala ya kulitupa kosa hilo, aliliuliza. Jibu lilikuwa kwamba kimeng'enya kinafungiwa ndani ya kifuko chenye utando, na utando unapozeeka hupasuka na kukiachia. Mwaka 1955 aliviita vifuko hivyo lisosomu, mahali seli inapomeng'enya takataka zake na vitu ilivyovimeza, kabla mtu yeyote hajazitambua kwa macho. Picha za hadubini ya elektroni zilifuata, kwa msaada wa Alex Novikoff, na zikaonyesha vifuko pale kemia ilipotabiri. Kwangu hilo ni ushahidi mzito kuliko picha kumi zilizopigwa kwa njia moja.

Kwa kifaa cha Golgi, ushahidi wa namna hiyo uliletwa na yuleyule aliyekuwa amekikana. Palade alikubali picha za 1954, kisha akaenda mbele zaidi. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake, hasa James Jamieson, waliipa tishu ya kongosho la simbilisi asidi amino yenye mionzi kwa dakika chache, wakaiondoa, kisha wakaangalia mionzi iko wapi kadiri muda ulivyopita. Kwanza ilikuwa kwenye tando zenye ribosomu, mahali protini inapotengenezwa. Baada ya dakika kadhaa ilikuwa katika eneo la Golgi. Baada ya kama saa mbili ilikuwa ndani ya chembe zilizo tayari kumwaga vimeng'enya vya kusaga chakula. Kwa hiyo rundo lile la vifuko ni njia ya lazima: protini huingia upande mmoja, hukatwa na kuongezewa sukari, hupangwa, na hutokea upande wa pili ikielekea nje ya seli, kwenye utando wake au kwenye lisosomu. Insulini, ute wa utumbo na kingamwili za damu zote hupita humo. Mwaka 1974 Palade, Claude na de Duve walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Na mwaka 1985 Golgi alipata hata kile alichokosa mwaka 1898, yaani mafuta yenye kung'aa yanayokishika kifaa chake katika seli iliyo hai.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Shaka hugharimu, na wapo walioumia. Emilio Veratti, mwanafunzi wa Golgi aliyeshiriki kuuona wavu wa ndani, alieleza mwaka 1902 mtandao wa vijia ndani ya nyuzi za misuli, alioufanyia michoro ya ustadi mkubwa. Ulisahaulika nusu karne, mpaka hadubini ya elektroni ilipouona upya katika miaka ya 1950, na ikafahamika kwamba humo ndimo yanamohifadhiwa madini ya kalsiamu yanayouamuru msuli kukaza. Ni hasara ya kweli na sitaki kuipunguza. Lakini nikiangalia kwa makini, sioni kwamba Veratti aliangushwa na shaka. Hakukuwa na kambi ya kumpinga, hakuna Baker wake wala Palade wake. Makala yake ilikaa tu bila kuulizwa. Wavu wa Golgi, uliopigwa vita miaka hamsini, haukusahaulika hata siku moja, kwa kuwa kila aliyeukana alilazimika kuutazama. Kupuuzwa na kushukiwa ni mambo mawili, na hasara ya Veratti ni ya lile la kwanza.

Kazi hiyo bado inaendelea, na kwa sura ileile. Mwaka 2013 James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walituzwa kwa kueleza mizigo ya protini inavyobebwa na vivimbe toka utando mmoja hadi mwingine, lakini swali la jinsi mizigo inavyopita ndani ya rundo la Golgi lenyewe halijafungwa. Wengine husema vifuko husimama mahali pamoja na vivimbe ndivyo vinavyohama. Wengine husema kifuko chenyewe husogea pamoja na mzigo wake kikibadilika vimeng'enya njiani. Mwaka 2006 maabara mbili, moja ya Japani na nyingine ya Chicago, ziliangalia vifuko vya hamira iliyo hai na kuona kifuko kimoja kimoja kikibadilika kutoka rangi ya mwanzo wa safari hadi rangi ya mwisho, jambo linalounga mkono upande wa pili. Upande wa kwanza ulijibu kwamba hamira hiyo haina rundo, vifuko vyake vimetawanyika, na seli ya mnyama inaweza kuwa na taratibu zake. Kisha kuna protini ya kolajeni, ambayo kabla ya kutoka nje ya seli huwa fimbo yenye urefu wa takriban nanomita 300, ndefu mno kuingia katika vivimbe vya kawaida, na ambayo huvuka rundo lote bila kuonekana ikitoka kwenye vifuko vyake. Anayeshikilia kwamba vivimbe hubeba kila kitu bado anadaiwa maelezo ya fimbo hiyo, na anayeshikilia kwamba vifuko husogea anadaiwa kueleza kwa nini protini nyingine huvuka rundo hilohilo kwa mwendo tofauti.